Chekechea ya umma au akademi: hesabu ambayo wazazi wa Nakuru huipiga kimyakimya

Mjini Nakuru, mjadala wa kumchagulia mtoto shule ya chekechea huendeshwa kana kwamba ni mashindano ya ubora tu. Upande mmoja kuna madarasa ya PP1 na PP2, yaani miaka miwili ya chekechea kabla ya Gredi ya Kwanza, yaliyomo katika viwanja vya shule za msingi za umma, ambayo Katiba ya 2010 iliyakabidhi serikali za kaunti. Upande wa pili kuna akademi za kibinafsi, kuanzia zile za Milimani zenye bembea na mabasi yake, hadi zile za vyumba vichache vya mabati katika vichochoro vya Kaptembwa na Rhonda. Wanaozitetea akademi husema kwamba mtoto huko hujua kusoma mapema na huzoea Kiingereza. Wanaoitetea shule ya umma husema kwamba gharama ni ndogo, mwalimu ameisomea kazi yake na mtoto hupewa nafasi ya kucheza. Hoja zote mbili zina uzito, lakini zote zinaliruka jambo ambalo mzazi wa kipato cha kawaida hulitanguliza anapoamua, nalo ni saa: mtoto anatoka shuleni saa ngapi, na nani yuko nyumbani wa kumpokea.

Katika shule nyingi za umma, watoto wa PP1 huruhusiwa kwenda nyumbani karibu na saa sita mchana. Kielimu, hilo si kosa hata kidogo. Vipindi vya chekechea ni vya dakika 30, na mtoto wa miaka minne akishasoma vichache vya aina hiyo, akanywa uji na kucheza, amekwisha kupata anachohitaji kwa siku. Lakini mama anayeuza mboga katika soko la Wakulima, au anayefunga maua katika mashamba ya Naivasha, hamalizi kazi saa sita. Itambidi amlipe jirani au yaya wa kumpokea mtoto, na akijumlisha malipo hayo na nauli ya bodaboda, ule unafuu wa shule ya umma unayeyuka. Akademi ya mtaani hukaa na mtoto hadi saa kumi, humpa chakula cha mchana na kumlaza kidogo kwenye mkeka. Mzazi hulipa zaidi, ila hulipa mahali pamoja, na kazini hutulia. Anayemwita mzazi huyu mpenda makuu hajaipiga hesabu yake.

Hata hivyo, saa hizo ndefu zina gharama yake, na gharama hiyo huonekana katika daftari. Lifungue la mtoto wa PP1 aliyekaa darasani mchana kutwa. Ukurasa mzima umejaa herufi moja: mstari wa kwanza mwalimu ameuandika kwa vitone ili mtoto afuatishe, inayofuata mtoto ameachiwa mwenyewe, na kufikia mstari wa tano herufi zimelala ubavu na penseli imekandamizwa hata karatasi ikatoboka. Mifupa midogo ya kifundo cha mkono wa mtoto wa umri huo bado haijakomaa. Kumlazimisha kushika penseli kwa muda mrefu ni kumchosha bila faida. Mtaala wa umilisi, ambao chekechea zimeufuata kote nchini tangu 2019, unataka lugha, hisabati na mazingira vifunzwe kwa nyimbo, michezo na vitu vinavyoshikika. Walimu wa akademi wanalijua hilo vizuri. Wanajua pia kwamba mzazi anayelipa karo haupimi wimbo, hupima daftari; basi humpa anachokuja kukitafuta.

Ni rahisi kuwacheka wazazi hao, lakini hofu yao haikutoka hewani. Zipo shule za kibinafsi zinazowafanyia watoto usaili kabla ya kuwapokea Gredi ya Kwanza, na mtoto asiyeweza kusoma maneno mafupi huambiwa arudi mwaka ujao. Kuanzia Gredi ya Nne, masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza. Mzazi anayeijua njia iliyo mbele hataki mwanawe aianze akiwa nyuma. Ninalolipinga ni kuianza mbio hiyo katika bebi klasi, mtoto akiwa na miaka mitatu, wakati PP2 pekee inatosha kumwandaa kwa usaili wa aina hiyo iwapo tayari amefundishwa kusikiliza sauti za maneno na kusimulia kwa mpangilio.

Suala la lugha linahitaji kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu hapa ndipo akademi hujivunia na ndipo mimi huzitilia shaka zaidi. Sera ya Kenya, inayofuata mapendekezo ya kamati ya elimu ya Gachathi ya 1976, ni kwamba mtoto wa madarasa ya chini afundishwe kwa lugha inayotumika mahali anapoishi. Katika ploti moja ya Nakuru utamkuta Mkikuyu, Mkalenjin, Mjaluo, Mluhya na Mkisii wakitumia bomba moja la maji, na lugha yao ya pamoja ni Kiswahili. Kumkataza mtoto wa miaka minne lugha hiyo kuanzia langoni mwa shule ni kumnyang'anya chombo pekee alicho nacho cha kuuliza na kukataa, hata cha kuomba kwenda chooni. Mtoto aliyenyamaza darasani huhesabiwa kuwa na nidhamu. Inawezekana ameshindwa tu kusema. Kiingereza afundishwe, tena kwa nyimbo na hadithi, bila kumfungia mlango wa lugha anayoitumia kufikiri.

Kwamba kumpeleka mtoto chekechea mapema ni faida kwa vyovyote vile, nalo si jambo la kuchukuliwa juujuu. Utafiti unaotajwa sana ni wa chekechea ya Perry, katika jimbo la Michigan, Marekani, ambako kuanzia 1962 watoto 123 wa familia maskini walifuatiliwa: waliopata chekechea, yenye walimu waliohitimu, madarasa madogo na mwalimu aliyewatembelea nyumbani kila wiki, walifanikiwa zaidi ukubwani kuliko wenzao. Lakini huko Tennessee, matokeo yaliyochapishwa 2022 yalionyesha kwamba watoto waliopata nafasi katika chekechea za jimbo hilo kwa bahati nasibu walikuwa nyuma ya wenzao walipofika darasa la sita. Marekani si Nakuru, lakini tofauti hiyo inatosha kuonyesha kwamba jina la chekechea peke yake halimhakikishii mzazi chochote. Mengi hutegemea kinachofanyika ndani, na nani anayekifanya.

Kwa mwalimu, kila upande una udhaifu wake. Yule wa umma huajiriwa na kaunti, si na TSC, tume ya taifa ya kuajiri walimu, mara nyingi kwa mkataba. Ana cheti, lakini darasa lake linaweza kuwa na watoto wengi kuliko macho yake yanavyoweza kufuata. Wa akademi ndogo ana watoto wachache, ila mshahara ni mdogo na huenda muhula ujao asiwepo. Kwa hiyo maswali mawili ninayoyaona ya maana kuliko yote ni haya: mwalimu huyu yuko hapa tangu lini, na anashika watoto wangapi peke yake? Aende mzazi bila taarifa, saa nne, watoto wakinywa uji. Atazame kama choo kina tundu dogo linalomfaa mtoto, kama kuna maji ya kunawa, na kama kuna fimbo mezani, ambayo Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inaikataza.

Umbali nao usidharauliwe. Basi linalomchukua mtoto Lanet kabla ya jua kuchomoza na kuzunguka mitaa yote linamfikisha darasani akiwa amechoka, hata kama bembea za huko ni nzuri namna gani.

Mwenye mtu nyumbani saa sita, na shule ya umma iliyo karibu isiyojaza darasa kupita kiasi, simwoni na sababu ya kulipa zaidi. Asiye na mtu huyo achukue akademi ya jirani bila kuona haya, lakini akubaliane na mwalimu mapema kwamba alasiri ni ya kulala na kucheza, na kwamba mtoto hatarudi nyumbani na kazi ya kuandika. Kaunti nayo ina vyumba vinavyofungwa adhuhuri, ilhali watoto wakihamia mkeka wa jirani. Ikiweka mlezi mmoja kwa kila shule na sufuria ya chakula, hata kwa ada ndogo ya wazazi, wengi wa Kaptembwa na Rhonda watarudi shule ya umma wenyewe, kwa kuwa kilichowatoa huko kilikuwa ratiba.