Mkondo mkubwa haimaanishi ethanoli imeungua yote

Nimesoma ripoti nyingine tena ya katalisti ya platinamu ya seli ya fueli (kifaa kinachotoa umeme kwa kuunguza fueli kama ethanoli kwenye uso wa metali), wanasema "inaunguza ethanoli kikamilifu", nikashuka mpaka chini kutafuta walipima mazao gani. Hakuna. Kuna grafu ya mkondo wa umeme tu, volti ikipandishwa na kushushwa, kilele kimepaa juu, basi wamemaliza. Jamani hii kitu inaniuma.

Ethanoli ikiungua mpaka kaboni dayoksaidi kila molekuli inatoa elektroni 12. Ikiishia asidi ya asetiki ni 4, ikiishia asetaldehaidi ni 2 tu. Na platinamu mara nyingi inaishia hapo katikati, manake kung'oa haidrojeni inaweza vizuri, ila kukata zile kaboni mbili zilizoshikana ndo mtihani wake. Sasa chukua molekuli 3 zilizoishia asetiki, zimetoa elektroni 12. Chukua 1 iliyoungua yote, elektroni 12 hizohizo. Utazitofautishaje kwa grafu? Huwezi! Kifaa kinahesabu elektroni, hakijui zimetoka wapi. Lazima upime kimiminika baada ya jaribio, au umulike uso wa metali kwa infraredi wakati reaksheni inaendelea uone kaboni dayoksaidi inatokea kweli au haitokei.

Nasisitiza hivi kwa sababu uso wenyewe ndo unaoamua, na unaamua kwa vitu vidogo mno. Platinamu ileile, ukiikata atomu zikae mpangilio wa mraba inajaa kaboni monoksaidi haraka, ukiikata zikae pembetatu inachafuka polepole. Hiyo kaboni monoksaidi inang'ang'ania, inaziba nafasi, methanoli au ethanoli mpya haina pa kutua. Ndo maana watu wakaleta rutheniamu: yenyewe inanasa OH (oksijeni moja na haidrojeni moja) kutoka kwenye maji kwa volti ndogo kuliko platinamu, afu OH hiyo inakutana na kaboni monoksaidi ya jirani, zinaondoka pamoja kama kaboni dayoksaidi na nafasi inabaki wazi. Watafiti Watanabe na Motoo walishaeleza hili 1975, na kwa methanoli ni maelezo mazuri sana, kaboni yake iko moja tu.

Kwa ethanoli hapo ndo watu wanateleza. Ukiweka bati kwenye platinamu mkondo unapanda kweli, unaanza mapema kweli, lakini sehemu kubwa ya kinachotoka ni asidi ya asetiki. Ukiweka rodiamu inasaidia kukata kaboni kwa kaboni, ila rodiamu yenyewe ni nzito kufanya kazi, mkondo wake mdogo. Kwa hiyo ukihukumu kwa urefu wa kilele peke yake unaweza kumpa ushindi anayechoma nusunusu na kumtupa anayemaliza kazi.

Na ile tabia ya kugawanya kilele cha kwenda (volti ikipanda) kwa kilele cha kurudi (volti ikishuka) afu kuita jibu "uvumilivu wa sumu", yaani ya ile kaboni monoksaidi, iachwe. Kilele cha kurudi ni alkoholi mpya inaungua baada ya oksaidi kutoka usoni.

Sawa, nakubali, kuna mahali kuishia njiani ni faida. Kwenye maji ya alkali paladiamu na nikeli zinaishia asetati (ile asidi ya asetiki ikiwa ndani ya alkali), na kama unachotafuta ni haidrojeni kwenye elektrodi ya upande wa pili, unaipata kwa volti ndogo kuliko kupasua maji na asetati inabaki ya kutumia. Hata nikeli ambayo ni rahisi inafanya hivyo. Lakini andika asetati, usiandike kuungua kikamilifu, manake kuna mtu atachukua hiyo namba akajenge seli ya fueli, apige hesabu ya tangi lake kwa elektroni 12, afu apate 4.