Tunalipia rangi, chuma hatukiulizi

Nenda gereji yoyote ya bodi hapa Dodoma, iwe upande wa Chang'ombe, Kizota au Nzuguni, umtazame mteja aliyekuja kuchukua gari lake. Atalizunguka, atainama kuona rangi mpya inavyopokea jua, atapitisha kiganja juu ya fenda, kisha atauliza kama rangi haijapishana na ile ya zamani. Akiridhika, analipa na kuondoka. Chini ya rangi hiyo kuna bati lililokatwa na jingine lililochomelewa mahali pake, na habari zake hazijaulizwa na mtu. Tatizo la ufundi wa bodi mjini kwetu linaanzia hapo, na linatuhusu sisi wateja kabla halijamhusu fundi.

Wengi wanaamini kwamba gari likishakatwa na kuchomelewa limekufa, limebaki la kuuza kwa asiyejua. Sikubaliani nao hata kidogo. Gari dogo linatoka kiwandani likiwa ni mabati yaliyoshikanishwa kwa maelfu ya nukta za kuchomelea. Watengenezaji wenyewe wanatoa miongozo ya ukarabati inayoonyesha pa kukata na pasipoguswa. Kwa hiyo kukata bati bovu na kuweka zima ni ukarabati halali kabisa. La kuuliza ni limekatwa wapi, limechomelewa kwa mashine gani, na upande wa ndani umeachwa vipi. Majibu yake unayaona kwa macho wakati mmoja tu, bati likiwa bado wazi. Fila, ile dawa ya kujazia na kusawazisha bati kabla ya rangi, ikishapakwa, umebaki na maneno ya fundi.

Tuanze na pa kukata. Boneti, fenda za mbele, milango na mfuniko wa buti vimefungwa kwa bolti na bawaba. Ukigonga punda usiku kwenye njia ya Bahi, na madereva wa barabara ile wanajua punda na ng'ombe wanavyojitokeza ghafla, fenda ikakunjika vibaya, ni ya kufunguliwa na kutafutiwa nyingine ya mtumba. Fundi anayetaka kuikata nusu na kuungia kipande, mwulize kwanza kwa nini. Ubavu wa nyuma, ule wenye kidomo cha kujazia mafuta, ni habari nyingine. Huo, pamoja na paa na kile kibati kirefu kinachopita chini ya milango, umechomelewa moja kwa moja kwenye mwili wa gari. Ukiharibika kiasi cha kutonyoosheka, hakuna bolti ya kufungua. Ni kukata.

Halafu kuna sehemu ninazoziogopa: nguzo za milango, hasa ya katikati, na ile mihimili miwili ya mbele inayobeba injini na kupokea kishindo cha kwanza gari likigonga. Hilux au Land Cruiser ina chasisi yake chini, bodi imekalia juu. IST au Probox haina chasisi iliyo peke yake, bodi yenyewe ndiyo chasisi. Na kwenye magari ya miaka ya karibuni, nguzo hizo mara nyingi ni za chuma kilichopewa ugumu wake kwa kupashwa moto mkali na kupozwa ghafla. Ukikichoma tena, pale ulipochoma panarudi kuwa laini. Kwa nje hutaona tofauti yoyote, rangi itakaa vizuri tu, lakini gari likipinduka nguzo haitasimama kama ilivyokusudiwa. Fundi asiye na mwongozo wa gari hilo asiiguse nguzo hiyo kwa moto, na mteja asimbembeleze aiguse.

Sasa moto wenyewe, maana hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Bati la mwili wa gari dogo lina unene wa kama milimita 0.7 au 0.8. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia Dodoma, ujenzi umeshika kasi kila kona, kuanzia Ihumwa hadi Miyuji, na wachomeleaji wa mageti na grili wameongezeka pamoja nao. Ni mafundi wazuri kwa kazi yao. Ila mashine ya rodi inayounga bomba la geti ina moto mkubwa mno kwa bati la gari. Inatoboa. Fundi akiona tundu anaongeza rodi ili alizibe, moto unazidi, bati la pembeni linaanza kujikunja na kufanya mawimbi. Kinachofuata mnakijua: mawimbi yanafukiwa kwa fila, msasa unapita, rangi inapigwa, na gari linang'aa.

Mashine inayofaa ni ya migi, yenye waya mwembamba wa milimita 0.6 au 0.8 na gesi ya kukinga hewa. Hata hiyo inahitaji mkono wenye subira. Nimemtazama fundi mmoja mzee akiunga kipande cha ubavu wa Noah, na nilitamani kila mwenye gari angekuwepo. Alisafisha kingo zote mbili mpaka zikabaki chuma cheupe. Akakiweka kipande kipya ukingo kwa ukingo na cha zamani, akaacha mwanya mwembamba unaopitisha ncha ya waya. Akaweka nukta moja juu, akasimama. Akaweka ya pili chini kabisa, mbali na ile ya kwanza. Akasogea katikati. Kila baada ya nukta aliweka kiganja kwenye bati pembeni yake, na kama lilikuwa bado na joto lisilovumilika, aliondoa mkono na kuzungumza na kijana wake mpaka lipoe. Mtu asiyejua angesema anapoteza muda. Alipomaliza, mstari wote ulikuwa nukta zilizogusana, na bati halikuwa na wimbi hata moja. Fila aliyopaka baadaye ilikuwa nyembamba kuliko ukucha.

Huo ndio ukubwa wa kazi ya fila: kulainisha, basi. Fila nene isiyo na chuma kizima nyuma yake ni udongo wa tembe uliokandikwa bila fito. Itakaa, itapendeza, halafu mtikisiko wa barabara ya vumbi utaipasua na maji yatapata pa kuingilia.

Kuna mtindo mwingine unaonikera zaidi, wa kupandisha bati juu ya bati. Fundi hakati lililooza, analifunika. Anachukua kipande, wakati mwingine bati lisilo la unene unaofaa, anakilaza juu ya kutu na kukichomelea kingo. Kwa nje ni kazi ya nusu siku. Kwa ndani kutu imefungiwa pamoja na unyevu katikati ya mabati mawili, na itaendelea kula pande zote mbili bila mtu kuiona. Kuna sehemu ambazo kupandisha kunakubalika, kama kiwanda chenyewe kilifanya hivyo, lakini kwanza uozo wote uondolewe, na katikati pakae praima, yaani rangi ya kwanza ya kukinga chuma, iwe ya zinki inayovumilia moto.

Na hata kiungo kikiwa kizuri, upande wa ndani unabaki uchi. Mabati mengi ya magari yamepakwa zinki kiwandani ili yasipate kutu. Zinki inachemka na kuwa mvuke kwenye nyuzi joto 907, na chuma kinahitaji karibu 1,500 ili kiyeyuke, kwa hiyo kila unapochomelea umeiondoa kinga yote ya jirani, mbele na nyuma. Mbele patapakwa praima na rangi kwa sababu panaonekana. Nyuma, ndani ya kile kibati cha chini ya milango kwa mfano, hakuna kitakachofika huko isipokuwa fundi aamue kupulizia nta ya kuzuia kutu kwa mrija. Aamue pia kuangalia vile vitundu vidogo vya chini vinavyotoa maji. Nimeona magari ambayo vitundu hivyo vimezibwa na fila na rangi ya chini, kazi safi kwa macho, na maji ya mvua yanabaki humo ndani mpaka yatoboe chuma.

Mtu ataniambia: huku kwetu ni ukame, kutu inatoka wapi? Ni kweli mvua zetu ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu zote zinanyesha kati ya Desemba na Aprili. Ukavu huo ndio unaotudanganya. Kazi mbovu ambayo Dar es Salaam au Tanga ingejifichua kwa msimu mmoja wa chumvi ya bahari, hapa inakaa miaka bila kuonekana, na fundi anaonekana hodari. Lakini vumbi letu jekundu linaingia kwenye kila upenyo, linajaa chini ya milango, na mvua za kwanza zikija linashika maji na kuyatunza. Tena magari ya Dodoma siku hizi hayakai Dodoma. Yanashuka Dar, yanauzwa pwani, na mnunuzi wa kule ndiye anayekutana na chuma chetu kilichofichwa.

Nikiwa mkweli, fundi hafanyi hivyo kwa ubaya. Mwenye Noah ya abiria anataka gari kesho kutwa kwa sababu kila siku gari likilala hakuna hesabu. Anapunguza bei ya kazi, halafu anaongeza bei ya rangi ili ipigwe iliyo bora. Fundi naye anajua kinacholipwa. Muda wa kusubiri bati lipoe haulipwi, nta ya ndani hailipwi, kutafuta ubavu mzima wa mtumba badala ya kukunja bati jipya kwa nyundo hakulipwi. Kama tunataka kazi ya yule mzee, tuzungumze bei mbili tangu mwanzo, ya chuma peke yake na ya rangi peke yake, na ya chuma tusiibane.

Niseme pia kuhusu fundi mwenyewe, maana afya yake haimo kwenye mazungumzo ya bei. Ule moshi mweupe wa zinki ukivutwa unaleta homa, baridi na maumivu ya mwili jioni ya siku hiyo hiyo, na ukiwa Dodoma utadhani ni malaria. Vijana wanaambiwa wanywe maziwa. Maziwa ni chakula kizuri lakini hayaondoi moshi kifuani. Wanachohitaji ni kukwangua zinki kabla ya kuchoma, kukaa upande unaotoka upepo, na barakoa ya kazi hiyo, siyo kitambaa. Na kabla ya cheche ya kwanza, betri ifunguliwe ili umeme wa mashine usiue kompyuta za gari, klipu ya waya wa kurudisha umeme ibanwe karibu na pale panapochomwa, zulia na sponji za ndani zitolewe, na kama kazi iko karibu na tenki la mafuta, tenki lishushwe. Kizima moto kiwe mkononi mwa mtu, siyo kwenye gari la jirani.

Kwa hiyo ombi langu kwa mwenye gari ni dogo. Mwambie fundi siku unayomkabidhi gari kwamba utakuja kuliona kabla fila haijapakwa, na uje kweli. Tazama mstari wa kiungo mbele, kisha omba kuona nyuma kwa tochi ya simu. Piga picha zote mbili. Fundi mwenye kazi nzuri atafurahi, kwa sababu kwa mara ya kwanza kuna mtu ameitazama. Anayekataa, anayesema njoo siku ya rangi tu, ameshakujibu, na bado una muda wa kulivuta gari kwa mwingine.

Kama ni gari unalolinunua, chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa laini, ipitishe ubavuni na chini ya milango. Kwenye chuma itang'ang'ania. Ikifika kwenye fila nene itaachia. Hapo usikimbie papo hapo, mwulize muuzaji kilichotokea na nani alitengeneza. Na ukiwa wewe ndiye muuzaji, zile picha za bati likiwa wazi mpe mnunuzi pamoja na kadi ya gari.