Meno ya Mkwe na Maji ya Bamvua

Jumamosi ile sikuwa na kazi yoyote. Baada ya swala ya alfajiri nililala tena, nikaamka jua limeshapanda, nikakuta boflo na mchuzi wa jana mezani, na mke wangu keshatangaza kuwa leo jikoni hapaingiwi. Mama mkwe, aliyekuwa kwetu tangu Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, alikaa barazani akihukumu wapita njia mmoja mmoja. Mchana nikalala tena.

Jioni tukatoka nyumba nzima kwenda Forodhani, bustani ya kando ya bahari hapa Mji Mkongwe, Unguja. Waliooa watanielewa nikisema kwamba kutoka na mkwe si sawa na kutoka na mtu mwingine. Humkazii macho, humkatizi mbele, na hata kutafuna unatafuna kwa adabu. Miaka yote ya ndoa yetu mazungumzo yangu na yeye yamekuwa "shikamoo Mama", "marahaba mwanangu", na bei ya samaki. Yaliyobaki hupitia kwa binti yake.

Tukapata nafasi juu ya ukuta wa bahari. Mwezi ulikuwa kumi na nne, kwa hiyo maji yalikuwa ya bamvua, yamejaa tangu alasiri, na vijana wa makachu, wale wanaojirusha baharini kutoka ukutani, walikuwa wamechachamaa. Huyu anaruka kinyumenyume, yule kavaa gauni la dadake, watalii wanapiga picha mpaka simu zinachemka. Mimi nikaenda kuagiza. Mpishi mwenye kofia ndefu nyeupe akanikaribisha kwa "jambo" na bei ya mgeni. Nilipomjibu Kiunguja, bei ikashuka bila hata kubishana. Nikarudi na mshikaki wa pweza wa Mama, pizza za watoto, na juisi ya muwa yenye ndimu na tangawizi.

Mama hajaugusa mshikaki wake, tukamwona mtoto wetu wa kati, mwenye miaka kumi na moja, yuko mwisho wa ukuta bila shati.

Mke wangu akapiga kelele. Mimi nikasimama. Lakini Mama alitutangulia sote, kasimama wima juu ya magoti ambayo asubuhi yalikuwa hayapandi ngazi, kidole juu, sauti ya kufika kisiwa cha Chumbe:

"We mwana! Wallahi ukiruka hapo leo nita—"

Mtoto akaruka. Na meno ya Mama yakaruka nyuma yake.

Ni meno manne ya juu, ya bandia, yameshikana kwenye kipande cha rangi ya waridi. Yalitoka mdomoni mzima mzima, yakapita juu ya ukuta, chubwi! Mtoto akaibuka anacheka, akiwa hakusikia mwisho wa sentensi. Wala sisi hatukuusikia.

Mama alivuta mtandio akajifunika kuanzia pua kushuka chini. Kutoka hapo hakusema neno. Mbele ya mkwewe, bila meno? Heri kufa. Akawa anamkonyeza binti yake, binti yake ananitazama mimi, na mimi ninaitazama bahari.

Kijana aliyevaa gauni akaja haraka. Kazi kama hiyo, akasema, ni elfu ishirini. Vidole vitano vikatokeza kwenye buibui. Kijana akashuka hadi kumi na tano. Vidole havikutikisika. Wakamalizana kwa elfu saba bila upande mmoja kufungua mdomo, na mimi nikajifunza kwamba siku zote sokoni nimekuwa nikiongea sana.

Walizama watatu. Wakaleta kandambili ya mguu wa kushoto, miwani ya jua yenye kioo kimoja, na uma. Giza likaingia. Adhana ya magharibi ikatoka, nikaenda kuswali, na baada ya kutoa salamu nikainua mikono kuomba jambo ambalo sidhani kama kuna mtu aliyewahi kuliomba msikitini pale.

Mzee mmoja muuza kahawa ndiye aliyetuokoa. "Mnahangaika na nini? Bamvua hili. Maji yanayojaa sana ndiyo yanayokupwa sana. Kaeni mnywe kahawa, ikifika saa nne mtatembea huko chini." Kweli, Unguja maji ya bamvua hushuka karibu mita nne kutoka kujaa hadi kupwa. Tukakaa.

Shida ni kwamba Mama akikaa Forodhani lazima asimulie. Kila mwaka wajukuu huambiwa kuwa bustani hii iliitwa Jubilee, na Jumba la Maajabu lile pale lilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, na siku lilipoporomoka upande mmoja, Desemba 2020, yeye alilia kama kafiwa. Usiku ule kanyamaza, watoto wanadai hadithi, mke wangu akanisukuma nisimulie mimi.

"Bustani hii," nikaanza, "ilifunguliwa mwaka 1926, Sultani Khalifa bin Haroub alipotimiza..."

Mikono ikatoka kwenye buibui. Vidole vitatu. Halafu sita.

"Mwaka 1936," nikasema, "alipotimiza miaka ishirini na mitano ya utawala." Mikono ikarudi ndani.

Mama alikunywa urojo, rojo tupu, akisukuma bajia na viazi pembeni kwa kijiko, chini ya mtandio. Mshikaki wake ulikuwa umekaa kwenye sahani ya karatasi, unapoa. Paka wa Forodhani walikuwa wameshaanza kikao kuuzunguka. Pweza aliyechomwa vile, na ndimu yake, na pilipili yake, na mwenyewe hana cha kumtafunia. Haya ni mambo ya kuamuliwa haraka.

Saa nne kasorobo mchanga ukaanza kuonekana chini ya ukuta. Nikakunja suruali, nikashuka na mwanangu, yeye na tochi ya simu, mimi na kijiti cha kuchokorea. Mwezi ulikuwa unawaka juu. Watu wakajaa ukutani kutazama, na kila aliyefika aliuliza tunatafuta nini, na kila aliyekuwepo alimjibu kwa sauti: meno ya mkwewe. Mke wangu aliondoka hapo akajifanya ananunua muwa.

Mtoto ndiye aliyeyaona. Yalikuwa yamekaa wima mchangani, yanang'aa, yanatabasamu, na kaa mdogo kasimama mbele yake kainua magando yote mawili, hataki tuyachukue. Tukagombana naye kidogo. Kisha nikawa nimesimama pale, nimeshika mkononi meno ya mama mkwe wangu.

Nikayaosha kwa chupa ya maji, nikayafunga kwenye leso, nikampelekea nikiwa nimegeuza uso. Akayapokea, akageukia ukutani. Tukasikia ka! Akashusha mtandio, akamwelekea mjukuu wake aliyekuwa anatetemeka kwa baridi.

"—takuchapa mpaka ulie kwa jina la bibi yako!"

Watu ukutani wakapiga makofi. Mama akatengeneza buibui lake vizuri, akanigeukia, macho yakanishuka taratibu usoni, begani, mpaka kwenye kile kijiti cha mshikaki nilichokuwa bado nimekishika.

"Mwanangu," akasema, "pweza wangu yuko wapi?"