Kile kiraka cha bluu

Makala moja imetushauri tukienda mitumbani tukague kila nguo kwenye mwanga, na tuiache ikiwa na tobo au kiraka. Kwa anayenunua ili auze, sawa. Sisi tunaonunua ili tuvae, naomba tusiwe wepesi hivyo. Tangu viongozi wa Afrika Mashariki walipokubaliana mwaka 2016 kuiondoa mitumba sokoni, tumejadili ushuru na viwanda (na ni mjadala wa maana), lakini furaha ya kuokota kitu hatuisemi.

Mimi nilikuwa soko la Karume, Ilala, Dar es Salaam, asubuhi robota la mitumba lilipofunguliwa. Wenye maduka walishachagua zao, masalia yakamwagwa chini, kila moja elfu tatu. Humo nikakuta sweta la sufu, limefumwa kwa mkono, rangi ya udongo. Kiwiko cha kushoto kilitoboka, na mtu huko lilikotoka alikiziba kwa uzi wa bluu, mshono mmoja mmoja. Nami hushona, najua kiraka cha namna ile hula jioni nzima. Hakuna anayeihangaikia hivyo nguo asiyoipenda.

Nikabaki nimelishika, nalitazama tu. Muuzaji akadhani nasitasita: "Dada, lete buku mbili basi." Nikampa tatu zake.

Nilimpelekea mama Njombe. Juni na Julai baridi ya kule inaingia hadi mifupani, na sweta lile halimtoki mwilini. Jirani alijitolea kumbadilishia ule uzi wa bluu. Mama amekataa.