Kupwa na Kujaa Igombe

Mwenyekiti wa kikundi chetu cha dagaa hapa Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, hajawahi kuhitaji kipaza sauti. Akimgombeza mtu ufukweni, walioko kwenye mitumbwi wanajua nani kakosa nini. Hata wafanyabiashara wa Kongo wanaojaza malori pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, wanamjua: akianza kukueleza bei, unatoa hela huku unacheka.

Mtu huyo huyo, siku ya kuzindua vichanja vya kukaushia dagaa, akaja na hotuba kwenye simu. Kaandikiwa na mjukuu wake wa chuo, na mjukuu naye kaandikiwa na akili mnemba.

Mshereheshaji nilikuwa mimi. Siku yenyewe tuliipanga mbalamwezi makusudi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, wanafuata taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazina kazi na mitumbwi inalala nchi kavu. Kwa hiyo ufukwe ulifurika: wavuvi wasio na kazi, akina mama, watoto, na mbuzi mmoja aliyekuwa anatafuna utepe wa uzinduzi.

Mwenyekiti akavaa miwani. Akaipeleka simu mbali, akairudisha, akaipeleka tena. Jua la saa nane linapiga kioo, haoni kitu. Ikabidi nimshikie mwavuli.

"Katika ulimwengu wa leo unaobadilika kwa kasi," akaanza, kwa sauti ya tangazo la vifo redioni, "tunawapongeza wavuvi wetu shupavu wanaopambana na kupwa na kujaa kwa maji ya chumvi."

"Chumvi ipi?" akauliza mzee mmoja wa sangara. "Haya maji si ndiyo tunasongea ugali?"

Mwenyekiti, ambaye siku nyingine angemjibu mpaka mzee ahame kijiji, akamezea, akarudi kwenye simu. Kidole kikateleza, aya ikapotea, shukrani zikasomwa mara mbili. Hatimaye akafika chini kabisa. Akainua mkono juu, akakaza sauti:

"Je, ungependa niifupishe hotuba hii, au niiongezee mzaha kidogo?"

Kimya. Mgeni rasmi akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia ziwa.

"Fupisha!" ikaja sauti kutoka chini ya mwembe.

"Mzaha umeshatosha, babu!" akadakia mtoto.

Ufukwe ukalipuka. Kuna watu wanasema siku hizi mashine imemaliza kazi ya kusema mbele za watu. Kuandika imeandika, sikatai. Lakini jua lilimpiga nani?

Aliyetuokoa ni mama mweka hazina. Hakusubiri kuitwa, alininyang'anya kipaza sauti mkononi, kanga imefungwa kiunoni, magamba bado yamo vidoleni.

"Mwadila, mheshimiwa."

"Mwadila, mama."

"Mchana umekula dagaa wetu?"

"Nimekula."

"Ulisikia mchanga?"

Mheshimiwa akapitisha ulimi kwenye jino. "Kidogo."

"Huo ndio unatuua. Tukianika chini, mnunuzi anaonja, anatema, anakata bei. Mvua ikitushtukiza tunazoa dagaa pamoja na mavi ya kuku. Vichanja hivi vizuri, lakini havitutoshi, wenzetu wale bado wako chini. Tuongezeeni. Nimemaliza, wabeja sana."

Makofi yakawa makofi kweli. Mwenyekiti ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote, simu kaishaitia mfukoni. Mheshimiwa akawa anatikisa kichwa, anaandika kitu kwenye kiganja kwa kalamu ya mtu. Nikasema moyoni, leo tumepata vichanja.

Nikamkaribisha. Msaidizi wake akamkabidhi jalada la bluu. Akalifungua, akakohoa, akatutazama kwa upendo.

"Ndugu zangu, katika ulimwengu wa leo unaobadilika kwa kasi..."

Mwembe mzima ukaitika: "Fupisha!"