Mbwa wa shimo la taka: tuwaue, au tusafishe shule kwanza?

Hapa kwetu Uganda mtoto aking'atwa na mbwa karibu na shule, wazo la kwanza linalowajia watu wazima ni sumu. Nyama inapakwa dawa, inatupwa usiku, asubuhi mizoga inakusanywa na watu wanasema sawa, kazi imeisha. Kwenye shule yetu muhula uliopita kijana wa S.1, yaani kidato cha kwanza, aling'atwa mguuni nyuma ya jikoni, akapigwa sindano zake zote na sasa yuko vizuri, lakini kelele zilizofuata ndizo zilizonifanya niandike, maana tulifanya mdahalo kuhusu hoja iliyosema mbwa wote wanaoonekana ndani ya shule au karibu na shule wauawe, na ilipopigwa kura waliotaka wauawe walishinda kwa mbali sana.

Mimi nasoma S.3 na nimekulia kwenye kambi ya polisi, kwa hiyo Kiswahili na mbwa vyote nimevikuta nyumbani. Nilikuwa upande ulioshindwa. Nataka niuseme upande huo polepole hapa kwa sababu pale ukumbini watu walidhani tunawaonea huruma mbwa kuliko mtoto, na sivyo kabisa.

Nianze na walioshinda, kwa sababu hofu yao ni ya kweli. Kichaa cha mbwa sio ugonjwa wa kuchezea, dalili zikishaanza kuonekana kwa mtu basi karibu kila mara anakufa, hakuna hospitali ya kumrudisha. Shirika la Afya Duniani linasema wagonjwa wa kichaa hiki hadi 99 kwa kila 100 wamekipata kwa mbwa, na katika watu wote wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 40 kwa kila 100 ni watoto chini ya miaka 15. Yaani sisi. Na mtoto aking'atwa mara nyingi anaficha, anaogopa ataulizwa ulikuwa unatafuta nini huko, anaogopa kiboko, anafunga kidonda na kitambaa ananyamaza. Hata akisema, unaweza kufika kituo cha afya ukaambiwa chanjo imeisha, nenda mjini, na mjini kwenye kliniki ya mtu binafsi ni pesa, tena sio sindano moja, unarudi na kurudi, na kila kurudi ni nauli ya boda. Mzazi anayeuza nyanya sokoni akisikia hivyo atakwambia ua hao mbwa, na mimi siwezi kumlaumu. Hata sheria inampa nguvu, tuna sheria ya kichaa cha mbwa ya tangu enzi za Waingereza inayoruhusu mbwa wanaozurura wakamatwe na wauawe.

Sasa swali langu. Wale mbwa walikuja shuleni kufanya nini?

Kila mtu pale shuleni anajua jibu ila kwenye mdahalo hakuna aliyelisema mpaka nilipolisema mimi na muda wangu ukaisha. Nyuma ya jikoni kuna shimo la taka, halina ukuta halina mlango. Humo kuna maganda ya matoke, ukoko wa posho, yaani ugali wa mahindi, unaokwanguliwa kwenye yale masufuria makubwa, mifupa ile siku ya nyama, maharage yaliyochacha, karatasi za mitihani, na kaveera (mifuko ya plastiki) nyingi mno za kantini ambazo zimebeba chapati na kabalagala na bado zinanuka mafuta. Jumamosi wanafunzi waliochelewa paredi wanapewa adhabu ya kulichoma. Lakini taka zenyewe ni mbichi, haziwaki, zinatoa moshi tu, mweusi na mzito, unaenda moja kwa moja kwenye madarasa ya S.1 na watoto wanafunga madirisha kwenye joto. Zinaungua zile karatasi na kaveera, chakula kinabaki chini kimebabuka nusu. Usiku mbwa wanakuja kula kilichobaki. Kila siku ya Mungu tunawaandalia chakula cha jioni, saa ileile, mahali palepale, alafu tunashangaa kwamba wanakuja.

Kwa hiyo ninaposikia watu wanasema tatizo la mbwa, mimi naona tatizo la taka lenye miguu minne. Na taka nchi hii tumeshaona zinaweza kufanya nini. Jalala la Kiteezi lilipokea uchafu wa Kampala kuanzia 1996, na Agosti 2024 mlima ule wa taka uliporomoka ukafukia nyumba za watu waliolala, watu zaidi ya 30 wakafa, watoto wakiwemo. Sehemu kubwa ya taka za Kampala ni mabaki ya chakula na maganda, vitu ambavyo mtu akivitenga vinakuwa mbolea au chakula cha nguruwe. Kaveera nazo, sheria ya kukataza zile nyembamba tunayo tangu 2009, Wakenya wakakataza mifuko yao 2017, Watanzania 2019, Rwanda walishatangulia wote 2008, sisi bado unanunua nyanya tatu unapewa kaveera mbili. Na kuhusu moshi, wale watu wa AirQo pale Chuo Kikuu cha Makerere wamefunga vipimo vyao vya hewa mjini mpaka kwenye bodaboda, na hewa ya Kampala inapita kiwango cha Shirika la Afya Duniani mara kadhaa. Moshi wa shimo letu unaingia humohumo.

Turudi kwa sumu, kwa sababu hapa ndipo watu hawanielewi. Wataalamu wa kichaa cha mbwa wana namba moja wanayoirudia kila siku, nayo ni 70 kwa mia. Ukichanja mbwa saba katika kila kumi wa eneo, ugonjwa unakosa njia ya kupita, unakufa wenyewe, na hata wale watatu ambao hawakuchanjwa wanalindwa na wenzao. Sasa chukua mtaa wetu, tuseme una mbwa kumi, na saba wamechanjwa. Mwaga sumu. Sumu haiulizi kadi ya chanjo. Mbwa mwoga wa porini anayeogopa watu huenda asiguse nyama yako, ila yule aliyezoea watu, ambaye ana mwenyewe, ambaye mwenyewe alimpeleka akachanjwa, anakuja mbio anatingisha mkia anakula. Wanakufa watano, na tuseme wanne kati yao ni wa chanjo. Umebaki na mbwa watano na wa chanjo ni watatu tu. Shimo la taka liko palepale limejaa, chakula cha mbwa kumi kinaliwa na watano, wale watano wanashiba na kuzaa, wengine wanahamia kutoka mtaa wa pili maana nafasi iko wazi, na hao watoto na wageni hakuna hata mmoja aliyechanjwa. Baada ya muda una mbwa kumi tena, ila sasa wa chanjo ni watatu. Ulikuwa saba kwa kumi umeshuka mpaka tatu kwa kumi, na umefanya hivyo kwa pesa yako ukiamini unawalinda watoto. Nimeipiga hesabu hii mara nyingi nikitafuta kosa, kila nikibadilisha namba kidogo jibu linarudi upande uleule, kwa sababu kila mbwa wa chanjo anayekufa ni ukuta mmoja umeanguka.

Na sio hesabu ya daftari tu. Kisiwa cha Bali huko Indonesia kichaa kiliingia 2008, wakaua mbwa kwa maelfu na maelfu, ugonjwa ukazidi kuenea kisiwa kizima, ukaanza kupungua pale walipogeukia chanjo ya mbwa wengi kwa pamoja. Karibu na sisi kuna Pemba. Pale walichanja mbwa mpaka kichaa kikaisha, 2016 kikaingizwa tena kutoka nje, wakachanja tena kikaisha tena. Wapemba sio matajiri kutuzidi.

Alafu kuna jambo la kazi. Kwenye hoja yetu walisema mbwa wote, na hakuna aliyekumbuka kwamba shule yenyewe ina mbwa wa kazi. Askari wa geti letu la nyuma anaye mmoja, wa kienyeji, rangi ya udongo, sikio moja limekatika, usiku anazunguka naye mpaka kwenye bweni la wasichana na matroni mwenyewe anasema akimsikia analia tofauti anajua kuna mtu kwenye senyenge. Huyo mbwa analala mchana chini ya benchi la askari, anakula posho kwenye kopo lake. Ukimwaga sumu usiku nyuma ya jikoni, anayepita pale usiku ni nani? Wa kwanza kufa ni yeye, alafu usiku unaofuata bweni linalindwa na tochi peke yake.

Kwenye kambi yetu nimewaona wale wa polisi wa kunusa. Afande anayemshika mbwa ndiye anayemlisha, anamwogesha, anajua amekula lini na amechanjwa lini, na akiitwa kwenye wizi kijijini jambo la kwanza analolalamikia ni watu, wamekanyagakanyaga kila mahali kabla mbwa hajafika, harufu imechanganyika. Mahakama nazo hazimkubali mbwa kwa upofu, tangu ile kesi ya Omondi ya 1967 kule Kenya majaji wanataka kwanza waelezwe mbwa huyo alifundishwa vipi na kazi yake huko nyuma ilikuwaje. Mimi naona hiyo ni akili sana. Mbwa anapimwa kwa malezi yake na kwa mtu anayemsimamia. Pale Entebbe uwanja wa ndege kuna mbwa wananusa pembe za ndovu na magamba ya kakakuona kwenye mizigo, wamefundishwa Arusha, na hakuna abiria anayepiga kelele wauawe. Ni mbwa haohao, mate yaleyale, meno yaleyale. Wale wana mtu wa kuwajibika, wa shimo letu hawana.

Na kuna Gulu, kaskazini mwa nchi. Hii niliisema kwa haraka kwenye mdahalo na watu wakacheka, nikaumia kidogo. Kuna mtu anaitwa Francis Okello Oloya, akiwa mtoto alipofushwa na bomu lililokuwa limebaki shambani, akapelekwa shule ya bweni, na usiku kwenda chooni peke yake akiwa haoni ilikuwa shida kubwa. Mbwa wa pale shuleni ndio walianza kumsindikiza, kwenda na kurudi. Alipokuwa mkubwa akaanzisha mradi wa kuwaunganisha watu walioumizwa roho na vita vya yule mwasi Kony na mbwa waliookotwa, mbwa wale ambao sisi tungewapa nyama ya sumu, wanafundishwa, wanakaa na mtu anayeamka usiku akipiga kelele. Sisi wa bweni tunajua safari ya chooni usiku ilivyo hata kama una macho mawili mazima.

Sitaki kudanganya kwamba upande wangu ni wa bure. Chanjo inataka mtu wa kuwakusanya mbwa, wengine hawashikiki, na ukichanja mwaka huu ukaacha mwaka kesho umefanya kazi nusu. Kufunga uzazi wao ni gharama zaidi. Na mbwa akionekana anatoa mate ovyo, anatembea kama amelewa, anang'ata mpaka mti, huyo hakuna mdahalo, aitwe daktari wa mifugo amuue siku hiyohiyo na watoto wakae madarasani. Hapo mimi na waliotushinda ni kitu kimoja. Lakini chanjo ya mbwa mmoja ni pesa kidogo sana ukilinganisha na sindano za mtoto mmoja aliyeng'atwa, na siku ya kichaa cha mbwa duniani ni 28 Septemba, muhula wa tatu, wanafunzi tupo shuleni, hedimasta akimwandikia daktari wa mifugo wa wilaya mapema wanaweza wakaja kuchanja mtaa mzima kwenye uwanja wetu wa mpira.

Kabla ya hapo kuna vitu havihitaji wilaya. Shimo lizungushiwe mabati na liwe na mlango. Mabaki ya chakula yawekwe kwenye pipa lake, jirani yetu mmoja anafuga nguruwe na tayari anayaulizia, maganda yaende kwenye bustani ya somo la kilimo. Kantini waache kaveera, wafunge chapati kwa karatasi. Tusichome taka mbichi tena, hata kwa adhabu. Sabuni iwepo kwenye lile bomba la jikoni kila wakati, kwa sababu mtu aking'atwa kidonda kinaoshwa kwa maji na sabuni dakika 15 kabla ya safari ya hospitali, na siku ile kijana wa S.1 alipong'atwa tulikimbia mpaka bwenini kutafuta kipande cha sabuni. Na mwalimu wa zamu atangaze kabisa kwamba ukisema umeng'atwa huchapwi.

Wazazi wanakuja siku ya kututembelea na hili la mbwa liko kwenye orodha ya mkutano wao, nimeliona limebandikwa ofisini. Naomba mzazi mmoja tu anyooshe mkono aulize shimo litazungushiwa lini, kabla hawajauliza sumu inauzwa wapi.