Chumba cha Wageni Kimepata Wenyewe

"Sasa wageni watalala wapi?"

Hata maji sijampa, wifi yangu ameshafungua mlango wa chumba cha wageni nilichokigeuza cha watoto kuchezea, kashika kiuno. Ndani kuna mkeka, kreti za soda, na mwanangu wa miaka mitatu kalala chali anaongea na gari lisilo na tairi hata moja.

Wageni gani, wifi? Hebu tuhesabu. Hapa Moshi wageni ni Desemba. Wanashuka na basi kutoka Dar, wanalala kwangu usiku mmoja, asubuhi hao wanapanda Kibosho kwa bibi. Wakirudi ni chai na kuaga. Siku tano, haya, tuseme kumi nisionekane mchoyo. Mwaka mzima uliobaki kitanda cha sita kwa sita kilikuwa kimetandikwa shuka la maua ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulikalia, na watoto wawili wanaoishi humu siku 365 wakigombania korido ya kwendea chooni. Wakimwaga midoli sebuleni: "Tokeni hapo, mtachafua kapeti!" Watoke waende wapi? Nje ni saruji na geti, na mwezi wa nne mvua inakesha.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imetaja anavyostahili mtoto kwa mzazi wake: chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu, na kucheza pia kumo. Shuka la maua nimelitafuta humo, sijaliona.

Najua mtasema sisi tulikulia migombani na magari ya tairi za ndala, nani alitupa chumba? Sawa, kweli. Basi nipeni na huo mgomba. Hapa Pasua kiwanja changu kinaishia ukutani kwa jirani.

Na msidhani nimemwaga hela. Kitanda nimekifungua, mbao zake ziko nyuma ya kabati langu. Kilichonitoa jasho ni shelfu. Nilimwambia fundi inifike magotini. Akaleta inayonifika kidevuni. "Mama, hii inabeba vitu vingi." Inabeba, ndiyo, na mtoto ataipanda kama ngazi mpaka imlalie. Nimemrudisha akaikata, zikawa mbili fupi, na bado nimezifunga ukutani kwa skrubu. Marekani mwaka 2016 kampuni ya samani ya IKEA walitangaza kurudishwa kwa makabati milioni 29 baada ya watoto kuangukiwa na kufa. Hayo ni ya kiwandani. Ya kwetu yanachongwa chini ya mti, mguu mmoja umetanguliziwa kipande cha boksi.

Mengine madogo. Beseni la bloksi, beseni la vyombo vya kupikapika, basi. Nusu ya midoli iko kwenye kiroba juu ya kabati. Mwisho wa mwezi nabadilisha, wanashangilia kama imetoka dukani leo. Lebo nilibandika nikabandua. Nani anazisoma?

Nimerudi na chai namkuta wifi kakaa juu ya kreti, mkoba bado begani, anakabidhiwa kizibo cha chupa kwa mikono miwili. "Mbona haina sukari?" anauliza. Akaongezewa, akanywa, akadai kingine.

Ila Desemba, anasema, atafikia kwa mdogo wake Majengo. Na kitanda kakataza nisikiuze.